Shahidi au Mtazamaji?



Wiki hii nilipanga kuandika juu ya kitu kingine kabisa. Lakini kuna swali nimeulizwa na jirani yangu, na tangu niulizwe silali vizuri. Kwa hiyo naanza na kosa langu mwenyewe, halafu tufikiri pamoja.

Niko Pemba kwa mwaka wangu wa uchungaji. Mimi ni mtu wa bara, mrefu kupita kiasi, na nikitoka na kanzu ya frateri watoto husimama njiani kunitazama kama wanavyotazama mchezo wa ng'ombe. Wakristo hapa kisiwani ni wachache sana. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu, na wametupokea kwa wema ambao bado najifunza kuulipa. Msimu wa karafuu ulipokwisha zikaanza harusi, maana si unajua, pesa ya karafuu ndiyo inayoozesha watu huku.

Mmoja wa majirani hao ni fundi cherehani. Ndiye aliyenishonea kanzu iliponipasukia begani, akakataa malipo. Ni mtu wa kimo kifupi sana. Tukisimama pamoja kichwa chake kinafika kiunoni pangu. Mwezi uliopita alioa, na mke wake naye ni wa kimo kama chake. Alinialika mwenyewe, akaja na kadi mkononi mpaka mlangoni kwetu. Nilikaa na wanaume wenzangu, nikala pilau, nikafurahi kwa kweli. Basi, fundi alipotoka na bibi harusi kumpandisha garini, watoto wakakimbia ili waone, vijana wakapanda juu ya baraza za nyumba, na mimi nikatoa simu. Sekunde ishirini tu. Usiku nikaiweka ile video kwenye stetasi yangu ya WhatsApp, na maneno ya kumshukuru Mungu, na vimoyo vitatu. Nilijiona nimefanya utume.

Kufikia asubuhi walikuwa wameitazama watu zaidi ya mia mbili. Sikumbuki lini tafakari yangu yoyote ya Injili ilitazamwa na watu hata sitini.

Siku tatu baadaye video ileile ikanirudia kutoka kundi la marafiki wa bara, imewekewa muziki wa kuchekesha na neno ambalo silirudii hapa. Kumbe mtu alikuwa ameihifadhi, akaisambaza. Ikazunguka, ikavuka bahari, ikarudi kisiwani, mpaka dukani kwa fundi.

Nilipokwenda kuchukua suruali yangu alinipokea kama kawaida, akanipa kiti. Hakupaza sauti. Aliendelea kutunga uzi kwenye sindano, kisha akasema: "Frateri, nikaha yangu ilikuwa na mashahidi wawili, nawajua kwa majina. Wewe siku ile ulikuwa nani?"

Nina shahada ya falsafa, ndugu zangu. Sikuwa na jibu.

Harusi iliyotazamwa kuliko zote

Swali lile lilinikumbusha harusi moja niliyowahi kuisoma nikiwa chuoni. Ilifungwa tarehe 10 Februari 1863 katika kanisa linaloitwa Grace Church, jijini New York, kanisa la Waepiskopali, yaani ndugu wa Waanglikana. Bwana harusi alikuwa Charles Stratton, mwenye umri wa miaka 25. Bibi harusi alikuwa Lavinia Warren, miaka 21. Wote wawili kimo chao hakikufika mita moja.

Charles dunia ilimjua kwa jina la jukwaani, Jenerali Tom Thumb. Mwaka 1842, kabla hajatimiza hata miaka mitano, alichukuliwa na mfanyabiashara wa maonyesho aliyeitwa P. T. Barnum. Huyo akamfundisha kuimba, kucheza na kuigiza watu wakubwa, na kwenye matangazo akaandika kwamba mtoto ana miaka kumi na moja, ili udogo wake ustaajabishe zaidi. Mwaka 1844 mtoto huyo alikuwa London, mbele ya Malkia Victoria. Lavinia naye alikuwa mwalimu wa shule huko kwao Middleborough, Massachusetts, kabla ya kuingia kwenye maonyesho. Barnum alikuwa na jumba lake la maajabu New York, watu wanalipa kiingilio, wanaingia, wanatazama.

Uchumba wao ulipotangazwa, watu walifurika kwenye lile jumba ili wamwone Lavinia. Sasa sikiliza hapa. Barnum mwenyewe anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba aliwaahidi dola 15,000 ili wasogeze harusi mbele kwa mwezi mmoja tu na waendelee kuonyeshwa. Kwa wakati ule hizo zilikuwa pesa za kumbadilisha mtu maisha. Walikataa. Harusi ikafungwa siku waliyoipanga wao.

Lakini siku yenyewe ilikuwa shughuli. Barabara zilijaa, polisi wakazuia umati. Marekani ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vijana wanakufa kwa maelfu, ila gazeti la Harper's Weekly likaweka picha ya maharusi kwenye ukurasa wa mbele. Hotelini kwenye mapokezi walisimamishwa juu ya piano ili wageni wawaone vizuri. Picha zao zilizopigwa katika studio ya Mathew Brady zilichapwa kwenye kadi ndogo na kuuzwa kwa wingi, watu wakaziweka kwenye albamu za familia zao kando ya picha za shangazi na babu. Siku chache baadaye Rais Lincoln aliwapokea Ikulu. Kwa lugha yetu ya leo, walitrendi.

Na biashara haikuishia hapo. Baada ya harusi zilisambazwa picha za wawili hao wakiwa na mtoto mchanga, watu wakaamini ni wa kwao. Hawakuwahi kupata mtoto. Miaka mingi baadaye Lavinia alikiri kwamba watoto wale walikuwa wa kuazima. Mdogo wake Minnie, yule aliyemsimamia kanisani, naye wa kimo kifupi, aliolewa na akafa mwaka 1878 katika kujifungua. Nilipolisoma jambo hilo nilifunga kitabu kwa muda. Nyuma ya kila picha iliyouzwa kulikuwa na watu wenye msiba wao, na msiba haukuwa kwenye albamu.

Basi hapa ndipo swali la kimaadili linapoanza. Ile ilikuwa harusi, au ilikuwa onyesho? Na kama ilikuwa onyesho, kosa ni la nani?

Kipi kinauzika?

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alitofautisha vitu vyenye bei na vile vyenye hadhi. Chenye bei kinaweza kubadilishwa kwa kitu kingine cha thamani ileile. Chenye hadhi hakina mbadala. Mtu ana hadhi. Karol Wojtyła, kabla hajawa Papa Yohane Paulo II, aliliendeleza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya upendo na wajibu: mtu hatakiwi kutumiwa kama chombo, namna pekee inayomfaa ni kupendwa.

Ukisikia hivyo haraka haraka unaweza kusema: kesi imekwisha, Barnum ana hatia, Charles na Lavinia walionewa. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini kuna kesi moja ya Ufaransa ilinivuruga kichwa.

Miaka ya 1980 na 1990 huko kulikuwa na mchezo wa kilabuni wa kumrusha mtu wa kimo kifupi. Anavaa mavazi ya kujikinga, walevi wanamrusha, anaangukia godoro. Mji wa Morsang-sur-Orge ukaupiga marufuku. Mwaka 1995 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikasema mji ulikuwa na haki, kwa sababu mchezo unadhalilisha utu. Aliyelalamika kwa nguvu zote alikuwa ni yule yule aliyekuwa akirushwa, Manuel Wackenheim. Hoja yake ilikuwa hii: nyie mnalinda hadhi yangu kwa kuninyima kazi, na kwangu mimi kukosa kazi ndiko kunakoniondolea hadhi. Alifika hadi kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2002 akashindwa.

Unaona ugumu? Nakubaliana na uamuzi, kwa sababu mchezo ule ulimgeuza mtu kuwa mpira, na kinachofanywa kwake mbele ya watu kinawafundisha watazamaji namna ya kuwaona wengine wote wa kimo chake. Lakini swali la Wackenheim linabaki linachoma: hao wote waliomtetea asirushwe, wangapi walimpa kazi nyingine?

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kutazamwa kwa malipo ni dhambi yenyewe. Mchezaji wa Simba anatazamwa kwa malipo. Mwigizaji anatazamwa. Charles Stratton alikuwa msanii mwenye kipaji, akatajirika, na Barnum alipofilisika ni Charles aliyemwandikia kujitolea kufanya naye ziara ili ainuke tena. Kumwita mhanga tu, bila kuona kazi yake, ni namna nyingine ya kumfanya mdogo. Ila mtoto wa miaka minne aliyedanganyiwa umri hakuuza chochote. Aliuzwa.

Na jirani zetu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, je? Mwaka 1905 Mwingereza mmoja, James Harrison, alichukua watu sita wa msituni wenye vimo vifupi kwa asili ya kabila lao, akawapeleka Uingereza. Walionyeshwa kwenye ukumbi wa London Hippodrome, wakazungushwa nchi nzima hadi 1907. Huenda waliambiwa wanakwenda wapi. Lakini mtu ambaye hajawahi kuona jukwaa, akisema ndiyo, amekubali kitu gani hasa?

Hapo nikaona kwamba suala lote linazunguka neno moja: ridhaa.

Ndiyo isiyosemwa na mwingine

Kanisa letu linafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wanaooana. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1057, inasema wazi kwamba hakuna mamlaka yoyote ya kibinadamu inayoweza kuitoa ridhaa hiyo kwa niaba yao. Padre hawezi. Baba mzazi hawezi. Mfalme hawezi. Barnum, mwenye jumba, mabango na dola 15,000, angeweza kununua piano, studio na magazeti, lakini ile "ndiyo" ya Lavinia kwa Charles hakuwa na mahali pa kuinunulia. Ilipokuja kwenye jambo hilo, tajiri akawa mgeni mwalikwa kama wengine.

Wazo hili ni la zamani kuliko Kant. Katikati ya karne ya 12 Papa Hadrian IV aliamua kwamba ndoa za watumwa zisizuiwe, na hata zikifungwa kinyume cha matakwa ya mabwana zao, zisivunjwe kwa sababu hiyo. Hebu fikiri uzito wake. Mtumwa ambaye hana kitu, hata jasho lake si lake, ana neno moja ambalo bwana wake hawezi kulitamka badala yake.

Wakristo wenyewe walilisahau mara nyingi. Mwaka huohuo wa 1863, wakati New York inashangilia maharusi wake, watumwa wa kusini mwa Marekani ndoa zao hazikutambuliwa na sheria. Tangazo la Lincoln la kuwaacha huru lilikuwa limetoka tarehe 1 Januari mwaka ule. Na huku kwetu? Mwaka 1863 ndio Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Unguja. Walikuta soko la watumwa linafanya kazi, watu wanasimamishwa, wanatembezwa, wanafunguliwa vinywa ili meno yatazamwe. Soko lile lilifungwa 1873. Wengi waliopita sokoni waliletwa hapa Pemba kwenye mashamba ya karafuu, na utumwa kisheria ulifutwa visiwani mwaka 1897 tu. Nikipita kwenye mikarafuu mizee huwa nawaza ni nani aliyeipanda.

Wamisionari wale waliwakomboa watoto, na kuanzia 1868 wakajenga misheni Bagamoyo. Vijana waliokombolewa walipokua walifunga ndoa, wakapewa nyumba na shamba. Historia hiyo nayo ina doa lake, maana wamisionari walikuwa na mkono mrefu katika kupanga nani amwoe nani. Lakini fikiria mtu ambaye mara ya kwanza kusimamishwa mbele za watu ilikuwa sokoni ili akaguliwe, na mara ya pili ni kanisani, anaulizwa: je, unakubali?

Mara zote mbili anatazamwa. Tofauti iko wapi?

Kwa nini tunatazama harusi

Vijana wa parokiani mnajua: ndoa hutangazwa kanisani kabla ya kufungwa, majina yenu yanasomwa mbele ya watu wote, na hata yule mliyeachana naye anasikia. Siku ya siku lazima wawepo padre na mashahidi wawili, ndio wale tunaowaita wasimamizi. Ndoa si jambo la kufichwa.

Desturi hii ilipewa nguvu ya sheria na Mtaguso wa Trento mwaka 1563, miaka mia tatu kamili kabla ya harusi ya Charles na Lavinia. Sababu yake inagusa. Kabla ya hapo watu waliweza kuoana kwa siri, kwa maneno tu kati yao. Halafu mwanamume anamchoka mwenzake, anakana, anakwenda kuoa mwingine, na mwanamke anabaki na mtoto mgongoni bila mtu wa kumwamini. Kanisa likasema: awepo paroko, wawepo mashahidi. Yaani macho ya watu yaliletwa kwenye ndoa ili kumlinda aliye dhaifu.

Ndiyo maana swali la fundi lilinichoma. Ndugu zetu Waislamu nao wana mashahidi kwenye nikaha. Fundi alikuwa ananiambia: kuna macho niliyoyaita kwenye harusi yangu, na yana kazi yake. Ya kwako yalikuja kufanya nini?

Nimefikiri sana, na jibu langu ni hili. Shahidi na mtazamaji wote wanaona kitu kilekile, lakini shahidi anafungwa na alichokiona. Kesho wakipata shida atafuatwa: wewe ulikuwepo, sema ukweli, saidia. Ameona, kwa hiyo anadaiwa. Mtazamaji anaona halafu hadaiwi na mtu. Amefurahi, amecheka au amelia kidogo, amepita kwenda video nyingine. Shahidi ameitwa kwa jina na wenye harusi. Mtazamaji amejiita. Shahidi akiondoka anawaacha maharusi na ulinzi zaidi ya walivyokuwa nao mwanzo, na mtazamaji anaweza kuwaacha na upungufu, kama mimi nilivyofanya.

Na kinachonitisha ni kwamba mimi nilialikwa. Nilikuwa na kadi! Nilifika kama jirani, nikaondoka kama mwenye jumba la maonyesho. Barnum angalau aliwalipa.

Utasema: lakini nia yako ilikuwa njema, Frateri, uliandika maneno ya Mungu. Ndiyo, na hapo ndipo pabaya zaidi. Nilimtumia mtu kama mfano wa mahubiri yangu. Nilitaka watu waone Mungu ni mwema, na ili waone hivyo nilihitaji harusi ya fundi iwe muujiza, kana kwamba mtu wa kimo kile kupendwa na kuoa ni jambo la kustaajabisha. Mbona sikumrekodi kaka yake aliyeoa wiki mbili kabla, mrefu kama mimi? Kwake sikuona muujiza wowote. Niliona harusi.

Kuficha na kuonyesha

Kuna kosa la upande wa pili pia. Wapo wazazi, huku kwetu na bara, ambao wakipata mtoto mwenye ulemavu humficha ndani hata wageni wasijue yupo. Tunalilaani hilo, na tunafanya vizuri. Lakini anayemficha mtu na anayemwonyesha bila kumuuliza wana jambo moja linalowaunganisha: wote wawili wameamua wao, kwa niaba yake, nani amwone.

Mtakatifu Margareta wa Castello alizaliwa Italia mwaka 1287, kipofu, mwenye kibyongo na mguu mbovu, na wa kimo kifupi. Wazazi wake, watu wa ukoo mkubwa, waliona aibu, wakamfungia katika chumba kando ya kanisa dogo. Baadaye wakampeleka mji wa Città di Castello wakitarajia muujiza wa kuponywa. Muujiza haukutokea, wakamwacha palepale, wakaenda zao. Waliompokea kwanza ni maskini wa mji ule. Akawa mtawa wa utawa wa tatu wa Mtakatifu Dominiko, akawahudumia wagonjwa na wafungwa mpaka alipofariki mwaka 1320, na Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2021. Wazazi walitaka aidha mtoto aliyeponywa wa kuonyesha, au mtoto wa kuficha. Maskini wa mjini walimtaka Margareta.

Halafu kuna Zakayo, katika sura ya 19 ya Injili ya Luka. Tunamkumbuka kwa ufupi wake kuliko jambo lingine. Wengi tunahubiri alivyopanda mti, watoto wa Utoto Mtakatifu wanacheka, basi. Lakini tazama Yesu anavyofanya. Anasimama chini ya mti, anainua macho. Kwa mara moja yeye ndiye anayemtazama Zakayo kutoka chini kwenda juu. Anamwita kwa jina. Na hamwambii abaki juu ya mti watu wajifunze kitu. Anamwomba ashuke, kisha anakwenda nyumbani kwake, mahali ambapo Zakayo ndiye mwenyeji na Yesu ndiye mgeni.

Lugha yetu wenyewe inatufundisha jambo hapa. Tunasema kipofu, kiziwi, kiwete, kibete: maneno yote yameanza na ki-, kama kiti na kisu. Unaweza kudhani Kiswahili kimewaweka watu hawa kwenye kapu la vitu. Lakini endelea na sentensi. Hatusemi "kipofu kimekuja". Tunasema "kipofu amekuja". Mwanzo wa neno unaweza kumpunguza, ila kitendo kinamrudishia utu wake. Akitenda, ni mtu. (Na usijione uko mbali: kijana naye ni ki-, wewe na mimi.) Hata hivyo fundi hapendi kuitwa kibete, wala mbilikimo. Nilimuuliza anapenda aitweje. Akasema, "Fundi."

Wahenga wanasema hujafa hujaumbika. Nimeusikia msemo huu mara nyingi mtu akiona mwenye ulemavu. Una ukweli wake, lakini unanifanya nimtendee mwenzangu vizuri kwa hofu ya yatakayonipata mimi. Zakayo hakuhitaji watu wamwogope. Alihitaji mtu wa kula naye.

Radhi

Nilimweleza Baba Paroko kila kitu. Hakunifokea. Alisema tu, "Nenda leo. Usingoje Jumamosi ya kitubio."

Nilikuwa nimeshaifuta video, nikawaandikia mmoja mmoja wale niliojua wameituma, niwaombe waifute. Wengine wamenijibu, wengine wameona ujumbe wakanyamaza. Siwezi kuirudisha yote, kama vile kadi za New York zisivyoweza kukusanywa tena. Nyingine bado zipo mpaka leo kwenye makumbusho.

Nilimkuta fundi anafunga duka. Nikamwomba radhi bila kujitetea. Akafikiri kidogo, akasema, "Ungeniomba, ningekupa ruhusa. Labda ningevaa kofia vizuri." Tukacheka kidogo. Kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Radhi yangu nimekupa, Frateri. Ya mke wangu si yangu kuitoa. Tangu ile video, hataki kupita njia ya sokoni."

Ridhaa na radhi ni mbegu moja ya neno. Nimesoma juu ya ridhaa kwa Kilatini, nimeifanyia mtihani, nikapata alama nzuri. Nimekuja kuielewa kwenye baraza la fundi cherehani: hata msamaha hakuna anayeweza kuutoa kwa niaba ya mwingine. Nimemwomba mama yake fundi anifikishie kwa bibi yule salamu zangu za kuomba radhi. Sijapata jibu, na sina haki ya kulidai.

Lavinia alifariki mwaka 1919. Alikuwa ameolewa tena baada ya Charles kufa mwaka 1883, na aliendelea na jukwaa hadi uzeeni. Lakini alizikwa kando ya Charles, kule Bridgeport. Juu ya kaburi la Charles kuna nguzo ndefu yenye sanamu yake. Jiwe la Lavinia ni dogo, na maneno yaliyoandikwa juu yake yana maana ya "mke wake". Hakuna jina la jukwaani. Naliwaza jiwe lile kama sehemu ya harusi yao ambayo Barnum hakuweza kuiuza.

Wiki hii, ndugu yangu, kabla hujainua simu kwenye harusi, msibani, hospitalini, au unapompa maskini sadaka, jiulize lile swali la fundi: hapa mimi ni nani? Kama wewe ni shahidi, utaweza kuyajibia uliyoyaona. Na kama huna uhakika, muulize mwenyewe. Inachukua muda mfupi kuliko kurekodi.

Tusali: Ee Yesu, uliyeinua macho kumtazama Zakayo na kumwita kwa jina, uyatakase macho yetu. Utusamehe tuliowageuza jirani zetu kuwa maonyesho, na uwaponye wale tuliowajeruhi. Utufundishe kuomba ruhusa, na kungoja jibu. Amina.